Hema Isiyo na Pua

Tangu turudi, hema yetu imeanikwa kwenye ua wa nyuma, na kila apitaye anauona ule mpasuko wa ubavuni, kutoka karibu na paa mpaka chini. Mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisa aliniuliza kwa upole kama mambo ya nyumbani yako sawa. Mwingine hakuniuliza mimi. Alimuuliza jirani, na jirani akamjibu kwamba mume wangu, Baba Wanjiru, alishika kisu. Ni kweli kisu kilishikwa, lakini aliyekishika ni mimi. Basi nimeona niwaeleze yote tangu mwanzo, ili wale mnaotaka kupeleka watoto kambi likizo ya Disemba mjue cha kubeba na cha kuacha, na wale mnaotaka tu habari za nyumba yangu nanyi mzipate kwangu.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Nduku, fundi wa kushona maturubai ya malori pale karibu na steji ya Kitengela. Mwaka jana niliolewa na Kamau wa bucha, ambaye alikuwa amefiwa na mke na kuachiwa wasichana wawili, Wanjiru wa darasa la saba na Wambui wa darasa la kwanza. Wambui alinizoea upesi, akaanza kunilalia mapajani hata kabla sijamaliza kupanga nguo zangu kabatini. Wanjiru hakunizoea. Si kwamba alikosa adabu, la. Aliosha vyombo, alisalimia asubuhi, lakini hakuwahi kuniita jina lolote. Akitaka chumvi alisema "naomba chumvi" huku akiiangalia chumvi. Mimi nami sikumlazimisha. Nilijiambia kwamba mimi si mama yake na sitajifanya.

Maneno ya kambi yaliletwa na Wambui. Aliona yale malori ya watalii yanayopita barabara ya Namanga yakielekea Amboseli, yamebeba hema juu, akauliza kama watu wa Kitengela nao wanaruhusiwa kulala kwa hema ama ni wazungu peke yao.

Baba yake akacheka. "Mtu ajenge nyumba ya mawe, halafu aende kulala nje kama ng'ombe?"

Lakini mimi nilikuwa na mabaki ya turubai kazini, vipande vizuri ambavyo tajiri wangu alisema nichukue. Nikaanza kushona jioni baada ya kazi. Nilitaka hema ambayo upepo hauwezi kuingia. Sakafu niliishonea kwenye kuta, mshono mara mbili, nikapaka nta kila penye tundu la sindano. Mlango niliuwekea zipu ndefu ya chuma. Dirisha sikuona haja nalo. Tulipoisimamisha uani kuijaribu, Baba Wanjiru aliingia ndani, akafunga zipu, na sauti yake ikatoka kwa mbali: "Hapa hata sisimizi hapiti!" Nilijivuna mpaka nikalala vibaya.

Kitengela mpaka Isinya

Gari lilikuwa pikapu ya Musyoka, binamu yangu, ambaye huenda Bissil kumchukulia Baba Wanjiru mbuzi wa bucha. Tulikubaliana atupeleke, atuache, kisha aturudie siku ya tatu. Ilikuwa Agosti. Mnajua Agosti ya huku kwetu: anga ya kijivu, upepo wa uwanda usio na kitu cha kuuzuia, na vumbi.

Tulipakia magodoro mawili, mablanketi, karai, jiko la makaa, dumu mbili za maji, sufuria na hotipoti iliyojaa chapati. Mimi nilibeba pia muthokoi ya kwetu Wakamba, mahindi yaliyokobolewa maganda, tofauti na githeri ya Wakikuyu inayopikwa na maganda yake, niliyochemsha kabisa nyumbani ili kule ibaki kukaanga tu. Baba Wanjiru aliichungulia sufuria.

"Hii muthokoi yenu," akasema, "ni githeri iliyovuliwa nguo."

"Na githeri yenu ni muthokoi ya mtu mvivu," Musyoka akanijibia, na mambo yakaishia hapo. Lakini nawaambia, chakula kilichochemshwa nyumbani ndicho kilichotuokoa. Usitegemee kuchemsha mahindi makavu penye upepo. Utaamka kesho yake bado unachemsha.

Nguzo za hema zilikuwa vibomba vyepesi vya chuma. Musyoka alizifunga ubavuni mwa pikapu kwa mpira wa tyubu, ule tunaokata vipande vya kufungia baiskeli. Tukaondoka. Tuliposimama Isinya kunywa chai, Wambui, aliyeshuka wa kwanza, akauliza, "Zile chuma ziko wapi?"

Mpira ulikuwa unaning'inia peke yake.

Tuligeuza, tukarudi polepole mpaka Kisaju, macho kando ya barabara. Mchungaji mmoja alituambia aliona lori limesimama na dereva akaokota kitu kirefu. "Kama bunduki," akasema, "lakini mingi." Hatukuwa na la kufanya. Baba Wanjiru na Musyoka walilaumiana juu ya nani aliyefunga na nani aliyesema imetosha, na upepo ukabeba nusu ya maneno. Kitu kirefu kifungwe katikati ya mizigo, kwa kamba, si kwa mpira. Hilo lilitugharimu asubuhi nzima.

"Basi turudi nyumbani," Wanjiru akasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu tutoke.

Wambui akaanza kulia. Baba yao akaniangalia mimi. Nilijua kwamba tukirudi, hema ile itakaa juu ya kabati mpaka panya waile, na itakuwa ni jambo jingine nililojaribu katika nyumba ile likashindikana.

"Kule hakukosi miti," nikasema. "Twende."

Isinya mpaka Kajiado

Kajiado mjini tulisimama kwa sababu ya vigingi. Nilikuwa nimechonga vya mbao, lakini kadiri nilivyotazama ile ardhi, ngumu na nyeupe kando ya lami, ndivyo nilivyoona nimebeba kuni. Tukaingia duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, mzee mnene mwenye sweta mbili, akatuuliza tunataka nini.

"Vigingi vya chuma," nikasema. "Vya hema."

Uso wake ukachangamka. "Hema! Mko na krusedi wapi?"

Baba Wanjiru akaanza kueleza kwamba sisi ni familia tu, tunaenda kulala nje, lakini yule mzee hakulisikia hilo, ama alilisikia akaona haliwezekani. Nani atoke nyumbani kwake na watoto kwenda kulala kwenye hema kama si kwa ajili ya Injili?

"Mimi mgongo unanisumbua sana, Pasta," akasema, na tayari alikuwa amevua kofia na kufumba macho.

Mume wangu ni mtu wa kuuza nyama. Kanisani hukaa benchi la mwisho ili awe wa kwanza kutoka. Alinitazama kama mtu anayezama. Mimi nikatazama misumari. Ikabidi aweke mkono juu ya bega la yule mzee na kuombea mgongo, kwa Kikuyu, kwa sababu kwa Kiswahili maneno yalimtoroka. Aliomba kwa ufupi, lakini aliomba kwa bidii. Mzee alisema amina, akajinyoosha, akatuchagulia vyuma virefu vyenye kichwa kama msumari wa reli, akasema hivyo hata dhoruba haitang'oa.

Tulipotoka nje nilimwona Wanjiru amegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na alipoona namwona, akaacha.

Kajiado mpaka Bissil, na kuacha lami

Kwa wale watakaokuja kuniuliza kuhusu vyuma hivyo: ndiyo, vinunueni. Kule tulikofika, kigingi cha mbao kingevunjika kwa pigo la kwanza.

Bissil tulimkuta Lemayian, yule anayemuuzia Baba Wanjiru mbuzi, katikati ya soko, amesimama na fimbo yake kati ya wanunuzi. Ndiye aliyetualika tulale karibu na boma lake. Alisema yeye atabaki sokoni mpaka kesho, lakini mke wake anajua tunakuja.

"Si mbali," akasema. "Fuata hii njia mpaka uone mti. Ukishaona mti, acha njia."

"Mti gani?" Musyoka akauliza.

"Ule mkubwa."

Tukaondoka. Baada ya muda tukaona mti mkubwa, tukaacha njia, tukaingia kwenye korongo lisilo na mwisho. Tukarudi. Tukaona mti mwingine, mkubwa kuliko ule. Wa tatu ulikuwa na ng'ombe chini yake na kijana mmoja anayetafuna kijiti, naye alipotuonyesha kwa mdomo upande wa vilima tukagundua kwamba tulikuwa tumelizunguka boma la Lemayian muda wote huo.

Watoto wa pale walitukimbilia, wakasimama mbele yetu, wakainamisha vichwa. Wambui alikishika kimoja kwa mikono miwili, akakichunguza kwa makini, akamwambia mtoto, "Huna chawa." Ilibidi Musyoka amweleze kwamba mtoto wa Kimaasai akiinamisha kichwa anakusalimu, nawe unakigusa tu kwa kiganja.

Mke wa Lemayian anaitwa Mama Naserian. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Takwenya," akanisalimu, nami nikaitikia "Iko," kwa kuwa hilo nililijua kutoka Kitengela. Baada ya hapo tulisaidiana kwa Kiswahili chake kidogo na changu cha Kikamba.

Musyoka aligeuza gari akaenda zake. Baba Wanjiru akachukua panga ili atafute nguzo. Karibu na tulipotaka kulala palikuwa na mti mzuri wa miiba wenye matawi yaliyonyooka, akainua panga. Hapo ndipo tuliposikia ile sauti.

"Wewe! Wewe mgeni! Wacha mti!"

Mama Naserian alikuja mbio, shanga zinalia. Baba Wanjiru akateremsha panga na kusema anataka mti mmoja tu. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama vile tatizo ni masikio: mti, mti, wa hema. Naye akazidi kukasirika, akaokota chini maganda makavu ya mti ule, akamtia mkononi.

"Hii ni chakula ya mbuzi! Kiangazi wewe utalisha mbuzi panga?"

Baba Wanjiru, ambaye anaishi kwa mbuzi, alitazama yale maganda akaona haya. Nikaingilia kati. Nikafungua hema chini, nikamwonyesha pale nguzo zinapotakiwa kuingia. Mama Naserian aliinama, akavuta mshono, akaukunja, akautazama upande wa ndani.

"Nani alijenga?"

"Mimi," nikasema.

Akanipiga kiganjani na kucheka. Kwao mjenzi wa nyumba ni mwanamke. Wakati ule ule yeye mwenyewe alikuwa anajenga nyumba mpya ndani ya boma, na alikuwa na fito zilizokauka zimesimamishwa kando ya ua. Alinipa nne ndefu na moja nene, kwa sharti kwamba siku ya kuondoka zirudi kama zilivyo.

Tulisimamisha pamoja. Ilipokaa sawa, imekazwa, haina mkunjo, Mama Naserian aliizunguka, akaizunguka tena, akionekana kutafuta kitu.

"Nyumba mzuri," akasema. "Lakini pua iko wapi?"

Nilidhani anauliza mbele ni wapi. Nikamwonyesha zipu, nikaifungua na kuifunga. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu asiyetaka kumsumbua mgeni, akaenda kukamua.

Usiku ule wa kwanza tulijifunza kwamba baridi hutoka chini. Tulijifunika mablanketi manne na bado migongo ikawa barafu. Asubuhi nilitandua kila kitu, nikaweka kwanza maboksi yaliyofunguliwa, juu yake magunia, juu yake blanketi moja, ndipo magodoro. Blanketi moja chini ya mwili lina kazi kuliko mawili juu. Maboksi msiyaache nje, maana mbuzi walikula moja pamoja na kipande cha sabuni, na kofia ya Wambui ikabaki ukingo tu. Na viatu vikung'uteni kabla ya kuvaa. Cha Baba Wanjiru kilitoka nge.

Siku ya pili

Asubuhi ilikuwa nzuri. Wasichana walipanda kilima na watoto wa boma, wakarudi na mawe ya rangi rangi. Nilikaanga muthokoi na vitunguu, na yule aliyeiita githeri iliyovuliwa nguo alikula sahani mbili bila kutoa maoni. Wanjiru pia alikula. Aliniuliza, akiiangalia sufuria, kama imebaki.

Mchana upepo ukageuka. Ulitoka upande wa vilima, baridi, umejaa mchanga, na haukupumzika. Baba Wanjiru alikuwa amekwenda na wachungaji kuangalia mbuzi. Mama Naserian alikuwa anakandika nyumba yake, na kwa sababu alitupa fito, niliona ni vizuri nimsaidie. Niliwaacha wasichana wakipika ugali wa jioni. Wanjiru anajua kupika. Jiko lilikuwa nje, upande uliokingwa na hema, na nilimwambia akimaliza anifuate.

Tulikandika mpaka mikono ikafa ganzi. Jua lilikuwa bado halijatua nilipokumbuka karai, nikarudi kulichukua.

Nje ya hema hapakuwa na mtu. Hapakuwa na jiko pia. Palikuwa na mwiko na alama ya majivu iliyofutwa nusu na upepo. Zipu ilikuwa imefungwa mpaka chini.

"Wanjiru!"

Nikaita tena. Ndipo nikamsikia Wambui, sauti ndogo, kama ya mtoto wa paka, karibu na mlango.

Nikashika zipu. Ilipanda kidogo tu ikakwama, meno yamejaa mchanga. Nikaivuta, nikaivuta kwa mikono miwili iliyojaa matope, haikusogea. Nikajaribu kuinua ukuta niingie kwa chini, lakini sakafu niliishona kwenye kuta, mshono mara mbili, na ile kazi yangu ilikuwa nzuri kabisa. Haikuacha hata nafasi ya kidole.

Kisu cha vitunguu kilikuwa juu ya dumu. Nikakichomeka juu ya ubavu wa hema nikakivuta mpaka chini kwa uzito wangu wote. Turubai lile nalijua, halikatiki kirahisi. Lilikatika. Hewa ya moto ikanipiga usoni, nzito, isiyo na moshi wowote wa kuonekana.

Jiko lilikuwa katikati, makaa mekundu, sufuria ya ugali juu yake. Wambui alikuwa amelala kifudifudi mlangoni, analia. Wanjiru alikuwa kwenye godoro, chali, blanketi la mdogo wake limemwangukia miguuni. Hakulia. Hakugeuka nilipomwita.

Nilimshika chini ya makwapa, nikamburuta hadi nje. Mama Naserian, aliyesikia nikipiga kelele, alikuwa amefika, akamnyakua Wambui na kumweka juu ya bega lake. Nikamlaza Wanjiru upepo ukiwa unampiga usoni. Nikampiga mashavu. Nikammwagia maji. Nikamwita, tena na tena, na sijui niliita kwa lugha gani, lakini Mama Naserian aliniambia baadaye kwamba hakuelewa hata neno moja.

Halafu akavuta pumzi, ndefu, yenye sauti. Akajipinda, akatapika kwenye nguo yangu. Akafungua macho.

"Ugali inaungua," akasema.

Nilimkumbatia na matapishi yake na matope yangu. Hakunisukuma. Labda hakuwa na nguvu ya kusukuma.

Baba Wanjiru alikuja anakimbia, mtu amemwita. Aliona hema imepasuliwa, aliona kisu chini, aliona binti yake mikononi mwangu. Alifungua mdomo. Nikamwonyesha jiko kwa kidole, pale ndani, bado linawaka kwa utulivu. Aliketi chini palepale.

Nilipata kisa kizima kwa Wambui. Upepo ulikuwa unatia mchanga kwenye ugali, naye alikuwa anatetemeka na baridi, kwa hiyo dada yake aliingiza jiko ndani ili amalize kupika na wakati huohuo mdogo wake aote moto. Kisha akafunga zipu ili upepo usiingie. Alifanya kama mtu mzima mwenye akili angefanya. Mimi pengine ningefanya vivyo hivyo. Sasa nisikieni vizuri: jiko halilali ndani ya hema, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana. Hata kama makaa yameiva, hata kama hakuna moshi, hata kwa dakika za kugeuza ugali. Baridi ikizidi, ongeza nguo, laleni mmebanana, chemsha maji mtie kwenye chupa mkumbatie. Na hema isiyo na dirisha usilale ndani yake, hata ukipewa bure.

Mama Naserian alikwenda kwenye ule mpasuko, akapitisha mkono wake wote ndani na kuutoa.

"Sasa iko na pua," akasema. Hakucheka. Kwenye nyumba yao moto huwaka ndani kila siku, lakini ukutani huacha tundu, na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta jana yake alipoizunguka hema yangu.

Tulilala kwake, mimi na wasichana. Baba Wanjiru alilala hemani peke yake, na asubuhi alikuwa na mchanga masikioni.

Bissil mpaka Kajiado

Tulirudisha fito zote. Mama Naserian alizipokea moja moja akizitazama urefu wake, kisha akamfunga kila msichana bangili ya shanga mkononi. "Ashe oleng," nikamwambia, asante sana, na maneno hayo hayakutosha.

Musyoka alifika na mbuzi sita nyuma, maana alipitia kwanza sokoni. Wanjiru bado alikuwa anaumwa kichwa, kwa hiyo tulisimama kwenye zahanati moja mjini Kajiado. Daktari, kijana mpole, alimwangalia macho, akamsikiliza kifua, akamwuliza maswali ya kuhesabu. Kisha akaangalia sisi watu wazima watatu tuliojipanga mlangoni, tunanuka mbuzi.

"Mama ya mtoto ni nani? Nataka mtu anieleze vile ilikuwa."

Baba Wanjiru alianza kusema, "Mama yake ali..."

"Ni mimi," nikasema.

Nilieleza yote. Daktari alisema kichwa kitapoa, apumzike, anywe maji, asirudi shule ya likizo wiki hii. Muda wote huo Wanjiru alikuwa anatazama picha ya chanjo ukutani. Sikujua nimemkosea ama vipi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na sikutaka kulirudisha.

Isinya na kuendelea

Mgonjwa hakuweza kukaa nyuma, kwa hiyo Wanjiru alikaa mbele, katikati ya Musyoka na mimi, Wambui amelala mapajani mwangu. Baba Wanjiru alikaa nyuma na mbuzi na kile kilichobaki cha hema.

Tulipita Isinya bila kusimama. Nilidhani Wanjiru amelala pia. Kisha akasema, macho yakiwa barabarani:

"Mama alirarua nguo yake siku moja. Ya kanisa."

Sikugeuka. "Kwa nini?"

"Nilikuwa nimenasa kwa seng'enge. Tulikuwa tunakaa Embulbul. Damu ilikuwa inatoka mguu, na yeye akararua nguo hapa chini, akanifunga. Hakuangalia mara mbili. Ilikuwa nguo mpya." Akajigusa mguu. "Vile ulikata hema, nikakumbuka. Niliskia ikipasuka. Sikuweza kuamka, lakini niliskia."

"Ilikuwa rangi gani?" nikauliza. "Ile nguo."

"Bluu. Ilikuwa na vifungo kubwa hapa mbele."

Na baada ya vifungo akaanza kunieleza kuhusu nyumba ya Embulbul, mlango wake uliokuwa haufungiki mpaka uupige teke, na jinsi mama yake alivyokuwa akiimba vibaya makusudi ili wacheke. Hakuwahi kumtaja mbele yangu. Mwaka mzima sikuwa nimeuliza, nikidhani kutouliza ndiyo heshima. Musyoka, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani, aliendesha tu. Kisaju ikapita. Wanjiru alikuwa bado anazungumza. Kila akitua, mimi nilisema tu, "Halafu?"

Tukaingia Kitengela. Niliona bucha, niliona steji, niliona kona ya kwetu inakuja, na Musyoka akawasha taa ya kukata kona. Wakati huo, katika kisa cha Wanjiru, kuku wa jirani walikuwa wameingia jikoni Embulbul, na mama yake alikuwa amechukua mwiko.

Nikamgusa Musyoka mkono.

"Pitiliza."

"Niende wapi?"

"Athi River. Utageuzia huko."

Alinitazama, akamtazama msichana, akazima taa. Tulipoipita kona, Baba Wanjiru alianza kugonga paa la gari kwa ngumi. "Musyoka! Tumepita! Musyoka!" Mbuzi nao wakaanza kulia. Nikapandisha kioo cha dirisha.

"Halafu?" nikamwambia Wanjiru. "Alipochukua mwiko?"